Mpishi Mbele ya Macho: Kobe, New York, Nairobi na Forodhani

Ipo migahawa inayomficha mpishi nyuma ya mlango, na ipo inayomsimamisha mbele ya mlaji. Teppanyaki ya Japani ni ya kundi hili la pili. Bamba pana la chuma limepashwa moto kutoka chini, wateja wameketi kulizunguka, na mpishi amesimama ng'ambo yao akiwa na kisu kirefu na miko bapa. Nyama inaiva karibu kabisa na sahani itakayoipokea. Wageni wengi hudhani ni desturi ya kale ya nchi ile, kumbe ina umri wa mtu mzima aliye hai.

Mgahawa unaohesabiwa kuwa wa kwanza kuchoma steki kwa namna hii ni Misono, uliofunguliwa mjini Kobe mwaka 1945. Vita vilikuwa vimekwisha, sehemu kubwa ya mji ilikuwa imeteketezwa kwa mabomu, na miongoni mwa walioupenda mgahawa huo walikuwa Wamarekani wa jeshi lililoikalia Japani. Nyama ya ng'ombe yenyewe ilikuwa na historia nzito pale. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alitoa amri ya kukataza kula ng'ombe na wanyama wengine kadhaa, na katika karne zilizofuata wengi waliendelea kujizuia. Ilipofika mwaka 1872 ndipo ikatangazwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama hiyo. Steki, kwa hiyo, ilikuwa ngeni. Kilichokuwa cha kwao ni ile kaunta: tangu karne ya 19 wauza sushi wa Edo, mji unaoitwa Tokyo leo, walikuwa wakiufinyanga wali mbele ya mteja aliyesimama kibandani.

Ndiyo maana teppanyaki ya Kobe ina utulivu wa kaunta ya sushi. Kwanza mpishi huonyesha nyama ikiwa mbichi, mteja aone mafuta yalivyosambaa ndani yake kwa mistari myembamba. Vipande vya kitunguu saumu hukaangwa polepole hadi vikauke, kisha huwekwa kando. Hufuata mboga, pengine na kamba. Nyama ikiwa tayari hukatwa vipande vidogo, kwa kuwa mlaji ana vijiti mkononi na hatarajiwi kushika kisu. Mwishoni wali hukaangwa kwenye mafuta yaliyoachwa na vyote vilivyotangulia, na katika migahawa mingi ya hadhi wateja huhamishiwa chumba kingine kwa kahawa na kitinda mlo, mbali na moshi. Mpishi husema machache. Kazi ya mlaji ni kutazama, na kutazama huko ni heshima.

Mwaka 1964 Hiroaki Aoki, kijana wa Tokyo aliyekuwa mwanamieleka na ambaye baba yake alikuwa na mgahawa huko kwao, alifungua Benihana katika Mtaa wa 56 Magharibi, New York. Mtaji wake alikuwa ameuchuma kwa kuuza aiskrimu kwa gari mitaani Harlem. Bamba lilikuwa lilelile, ila adabu iliyolizunguka ilibadilika. Mpishi wa Benihana hurusha mkia wa kamba ukatua ndani ya kofia yake, hupanga duara za kitunguu maji moja juu ya nyingine hadi zitoe moto na mvuke kama mlima wa volkano, huku miko ikigonga chuma kwa mdundo. Wapo wanaoliita jambo hili upotoshaji. Mimi siafiki. Meza ya Benihana huwaketisha pamoja watu wasiojuana, jambo ambalo Mmarekani hakulizoea akila nje, na mchezo wa mpishi ndio unaowapa wageni hao kitu cha kucheka pamoja kabla hawajajua majina yao. Kobe humtaka mlaji anyamaze ili aione nyama. New York humtaka apige makofi ili amwone jirani.

Makofi hayo yana ndugu zake. Nchini Argentina, kwenye karamu ya asado, ni kawaida walaji kumpigia makofi aliyechoma. Tofauti ni kwamba yeye hupigiwa nyama ikishaliwa au ikishafika mezani, kwa kazi ya saa kadhaa za moto wa taratibu. Yule wa New York hushangiliwa kwa kila tendo.

Nairobi imeweka jicho la mteja mahali pengine kabisa. Katika vibanda vya nyama choma vya Kenyatta Market na kwingineko, mteja huanzia buchani. Huko ndiko anakotazama kwa makini: anachagua mguu au mbavu, anahimiza mafuta yaongezwe au yapunguzwe, anashuhudia mizani. Baada ya hapo nyama hupotea ndani ya moshi, naye hukaa kungoja na kuongea. Kungoja huko ni sehemu ya mlo. Nyama hurudi juu ya ubao, ikakatwakatwa mbele ya meza, na chumvi ikamwagwa pembeni, kachumbari na ugali vikiwa karibu. Kwa hiyo Mkenya huthibitisha mwanzo na mwisho, katikati akamwachia mchomaji. Mlaji wa Kobe huthibitisha katikati, lakini uchaguzi wa ng'ombe amemwachia mpishi. Kila mmoja ana imani, ila hawakuiweka mahali pamoja.

Forodhani, Unguja, inakaribiana na Kobe kuliko mtu angetarajia. Muuzaji wa "pizza ya Zanzibar" huuvuta unga hadi uwe mwembamba, hutia nyama ya kusaga, kitunguu na yai, hukunja, kisha huitandaza juu ya chuma chenye mafuta, yote mbele ya mteja. Jicho liko palepale kama Japani. Lakini ulimi haukai kimya: mpishi humwita mpita njia, husifu chakula chake, huuliza pilipili iwe kiasi gani. Ufundi wake wa kukunja bila kuchana unastahili kutazamwa kwa umakini uleule wanaopewa wapishi wa Kobe.

Mila zote nne, basi, zinajua kwamba chakula kinachopikwa kikionekana huliwa kwa namna nyingine. Hapo naiona nyama choma ikijinyima kitu. Mchomaji ndiye anayejua moto wa mkaa, lini ageuze na lini aondoe, na mara nyingi wateja wake hawaijui hata sura yake. Wenye vibanda wanaojenga upya, Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, na walisogeze jiko mbele, mchomaji atazamwe akifanya kazi.