Kinanda, Kigoda na Honi: Safari ya Jagwa Music Kutoka Mwananyamala

Anayetaka kuujua muziki wa mchiriku aanze na kinanda kidogo cha Casio, kile cha bei nafuu ambacho kwingine hununuliwa kwa ajili ya mtoto anayejifunza. Kinanda hicho kiunganishwe na amplifaya iliyokwisha kufunguliwa na fundi redio mara nyingi, kisha sauti itolewe kwenye honi, zile spika za chuma za mikutano ya hadhara. Inayotoka imepasuka, ina makali, inafika hadi mtaa wa tatu. Chini yake weka ngoma zinazokimbia, na kijana mmoja anayekitandika kigoda cha mbao kwa fimbo mbili kana kwamba kinamdai. Juu yake weka mwimbaji anayesimulia mambo ya uswahilini: unga wa kulevya, ushirikina, ndoa zilizovunjika, rafiki aliyesaliti.

Hivyo ndivyo kundi la Jagwa Music lilivyoanza kupiga mwaka 1992 Mwananyamala, Kinondoni. Sisi Dar es Salaam tuliutengeneza ukali wetu wenyewe kwa vitu vilivyokuwa karibu. Naandika habari za kundi hili kwa sababu safari yake inaeleza jinsi jiji letu lilivyowahukumu vijana wake kabla ya kuwasikiliza.

Hukumu hiyo ina historia ndefu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Novemba 1969, muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Nia ilikuwa kujenga utamaduni wa taifa lililotoka kutawaliwa, na nia hiyo naiheshimu. Lakini vijana waliokuwa wakicheza James Brown hawakuulizwa walikuwa wakitafuta nini kwenye muziki ule.

Muziki wa dansi, kwa upande wake, ulikuwa na wenyewe. Bendi kubwa zilimilikiwa na jumuiya, mashirika na majeshi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Mlimani Park ya shirika la usafiri na teksi. Magitaa, tarumbeta na vipaza sauti vilikuwa mali ya taasisi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako maneno yalipitiwa kwanza. Utaratibu huo ulitupa muziki mzuri sana, hilo halina ubishi. Ila kijana wa Tandale au Mbagala asiye na ajira wala mtu wa kumshika mkono hakuwa na mlango wa kuingilia. Na mwaka 1983 ilipopitishwa sheria ya nguvukazi, huyohuyo ndiye aliyekamatwa mitaani kama mzururaji.

Kisha biashara ikafunguliwa katika miaka ya urais wa Mzee Mwinyi, bidhaa zikaanza kumiminika, na vinanda vidogo vya umeme vikawa miongoni mwake. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha habari yote. Kwa mara ya kwanza vijana wachache wa uswahilini waliweza kuchanga na kumiliki chombo kilichobeba kazi ya bendi nzima. Hawakuhitaji shirika. Mapigo waliyatoa nyumbani, kwenye chakacha na ngoma za Wazaramo walizozikuta zikichezwa harusini na kwenye unyago. Makundi yakaota kila upande wa jiji: Gari Kubwa, Tokyo Ngma, Night Star. Wengine waliuita muziki huo mnanda.

Ukumbi wao ulikuwa mtaa. Mwenye shughuli alifunga turubai, akaomba kibali serikali ya mtaa, kundi likapiga hadi usiku mkubwa huku watu wakitunza. Nyimbo zilirekodiwa kwenye kaseti, zikauzwa, zikasikika ndani ya daladala. Redio iliwapa kisogo. Hata wakubwa walikumbana na hilo: mwanamuziki Remmy Ongala, aliyependwa nchi nzima hadi mahali alipoishi Sinza pakaitwa Kwa Remmy, alipotoa wimbo wa Mambo kwa Soksi mwaka 1990 kuhimiza matumizi ya kondomu, Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Ikiwa Dokta Remmy alifungiwa mlango kwa wimbo wa kuokoa maisha, mpiga kinanda wa Mwananyamala angepata wapi nafasi?

Mchiriku ukaitwa muziki wa wahuni. Wazazi waliwakataza mabinti kwenda kuuangalia, na watu wa heshima waliposikia honi walifunga madirisha. Sitasema hofu yao haikuwa na msingi. Kwenye mikesha ile ugomvi ulitokea, bangi ilivutwa, na mgonjwa wa nyumba ya jirani hakulala. Lakini waimbaji walewale walikuwa wakiimba waziwazi juu ya unga ulivyokuwa ukiwamaliza wenzao, wakati maeneo mengi ya mji yakiona aibu kulitaja jambo hilo. Aliyefunga dirisha hakuyasikia maneno.

Redio binafsi ziliporuhusiwa katika miaka ya 1990, zilimchukua kijana wa bongofleva na kumfanya nyota. Jagwa walibaki mtaani, wakipiga kila wiki na kubadilishana wanamuziki. Miaka ishirini baada ya kuanza, mwaka 2012, kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu yao, Bongo Hotheads, Jackson Kazimoto akiongoza sauti. Ni kampuni ileile iliyowatangaza Konono N°1 wa Kinshasa, ambao nao walitengeneza vipaza sauti vyao kwa vyuma chakavu. Jagwa wakapanda majukwaa ya matamasha ya Ulaya, na waandishi wa huko wakaufananisha mchiriku na muziki wa panki kwa ghadhabu na kasi yake. Walichokiita ugunduzi kilikuwa kimekesha Mwananyamala kwa miaka ishirini.

Watoto waliokulia kwenye honi zile ndio waliokuja na singeli. Waliweka kompyuta mahali pa kinanda, wakakata vipande vya mchiriku na taarabu, wakavikimbiza hadi mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Msaga Sumu na Man Fongo wakaufikisha muziki huo redioni na kwenye kampeni za wanasiasa. Kutoka studio ya Sisso, Mburahati, ikatoka Sounds of Sisso mwaka 2017, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Leo kiongozi anayetafuta kura anacheza jukwaani mapigo ambayo mwenzake wa zamani angeyaitia mgambo.

Lakini kaseti za mchiriku zinapotea. Nyingi zilirekodiwa juu ya kaseti nyingine, zikapigwa hadi utepe ukakatika, zikatupwa nyumba zilipohamwa. Ikiwa unayo hata moja kwenye boksi chini ya kitanda, uwe Temeke, Buguruni au Tandale, usiitupe. Andika juu yake jina la kundi, mtaa ilikopigwa na mwaka unaoukumbuka, kisha mtafute kijana mwenye kompyuta akuhamishie sauti ingali inasikika.