Orodha ya Maneno na Safari Yake Hadi Tassia

Daftari la msamiati ni kitu cha kawaida katika akademi zilizobanana kati ya fleti za Tassia, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, pembeni mwa Barabara ya Outer Ring. Ukurasa hugawanywa kwa mstari wa rula: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake, nayo kwa Kiingereza vilevile. Wenye madaftari hayo ni watoto wa wapangaji waliotoka Ukambani, Nyanza, Magharibi na Mlima Kenya, na wakiwa ngazini au uwanjani wanaelewana kwa Kiswahili cha Nairobi na kwa Sheng. Lugha hiyo wanayoelewana kwayo haina safu katika daftari. Wazazi wengi huuchukulia mpangilio huo kuwa ndio elimu yenyewe, kana kwamba Kiingereza hakijawahi kufundishwa kwa njia nyingine. Ukweli ni kwamba desturi hii ina umri wa takriban miaka 70 tu hapa Nairobi, ilianzishwa kwa ajili ya madarasa ya watoto wengine, na ilienea kabla ya kuthibitishwa kwamba inamfaa mtoto wa Eastlands. Nashikilia kwamba maana ya neno geni hukaa kichwani inapopokewa na lugha ambayo mtoto tayari anafikiri kwayo, na kwamba historia ya mafunzo ya Kiingereza nchini inaelekea huko kila inapochunguzwa kwa makini.

Tuanze na wageni wenyewe, walivyojifunza lugha yetu. Edward Steere alitoa mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kamusi ya Ludwig Krapf, aliyeanza kazi yake pwani ya Kenya miaka ya 1840, ilichapishwa 1882, na A. C. Madan akafuata na kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894. Mwaka 1939 zikatoka kamusi za Frederick Johnson chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, zile ambazo walimu wa zamani walizitumia hadi majalada yakachakaa. Zote zilijengwa juu ya msingi mmoja, kwamba neno la ugenini lifafanuliwe kwa lugha ya nyumbani. Mmisionari au ofisa aliyetaka kujua Kiswahili alianzia kwenye Kiingereza chake na hakuna aliyemwona mvivu kwa hilo. Hata Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza madarasa ya chini yatumie lugha za Waafrika na Kiingereza kije juu zaidi. Nia za wakoloni hazikuwa safi, maana walikuwemo walowezi ambao hawakupenda Mwafrika akijue Kiingereza hata kidogo. Lakini nia mbaya ya aliyesema jambo haitoshi kulifanya jambo lenyewe kuwa la uongo.

Wakati huohuo wataalamu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakihesabu maneno. Edward Thorndike alichapisha mwaka 1921 orodha ya maneno 10,000 yanayojirudia zaidi katika maandishi ya Kiingereza. C. K. Ogden akajaribu mwaka 1930 kukibana Kiingereza chote katika maneno 850. Aliyeliona tatizo kwa undani zaidi, kwa maoni yangu, ni Michael West, aliyefundisha miaka mingi Dacca, katika Bengal ya wakati huo. Orodha yake ya mwaka 1953 ina maneno ya msingi yapatayo 2,000, ambayo huchukua takriban asilimia 80 ya maneno katika maandishi ya kawaida. Hata hivyo thamani yake kubwa haiko katika idadi hiyo. West alionyesha kwamba neno moja hubeba maana kadhaa, akaandika kila maana hutokea kwa kiwango gani, ili mwalimu ajue aanze na ipi. Mtoto wa Tassia hukutana na jambo hili mapema. Neno «interest» katika hesabu ni riba, kitu anachosikia kikizungumzwa nyumbani kila mkopo wa simu unapochelewa kulipwa. Katika kifungu cha ufahamu neno hilohilo ni hamu au mvuto. Akipewa ufafanuzi mmoja wa Kiingereza aukariri, anaondoka na nusu ya neno, na huenda nusu hiyo siyo anayoihitaji siku hiyo.

Kamusi inayoeleza Kiingereza kwa Kiingereza nayo ina asili yake. A. S. Hornby na wenzake waliitayarisha ya kwao walipokuwa wakifundisha Japani, ikachapishwa huko 1942, kisha Oxford ikaitoa upya 1948. Baadaye jina lake lilitamka wazi kwamba ni ya wanafunzi waliokwisha kupiga hatua mbali. Kuichukua mantiki ya kamusi hiyo na kumpa mtoto wa gredi ya kwanza ni kumkabidhi ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba anayotaka kuifungua.

Mgeuko wenyewe ulianzia Nairobi mwaka 1957, ilipoundwa Special Centre, taasisi ya serikali iliyobuni mpango wa kufundisha kila kitu kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ulijaribiwa kwanza kwa watoto wa Kiasia, waliotoka katika nyumba za Kigujarati, Kipunjabi na lugha nyinginezo, na kwao ulikuwa na mantiki ya kiutawala. Ulikuwa pia na sifa za kweli: vitabu vizuri, michoro, vitendo, walimu waliofunzwa na kukaguliwa. Miaka ya 1960 ukapelekwa katika shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza. Lakini mpango ulipoenea haraka, vitabu, mafunzo na ukaguzi havikuenda kwa mwendo huo. Kilichobaki ni amri kwamba Kiingereza pekee kisikike darasani. Mwaka 1976 Tume ya Gachathi ikarudisha wazo la lugha ya eneo kwa miaka mitatu ya mwanzo, na mtaala wa umilisi ulioanza nchini kote 2019 unalishikilia. Kwa mitaa ya Nairobi, lugha hiyo ni Kiswahili. Sera ya kuiruhusu safu ya tatu katika daftari, ya Kiswahili, imekuwepo karibu nusu karne.

Wapo watakaosema wazazi ndio wanaodai Kiingereza, na ndicho wanacholipia karo. Ni kweli, na dai hilo lina heshima yake: shule huru za Wagikuyu wakati wa ukoloni, zile za KISA na Karing'a, zilianzishwa na Waafrika waliotaka, pamoja na mengine, elimu ambayo wamisionari waliwabania. Lakini Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukoloni wa fikra, anasimulia kwamba shule huru aliyosoma ilifundisha madarasa ya mwanzo kwa Kigikuyu, na kwamba ni baada ya serikali ya kikoloni kuzitwaa shule hizo, wakati wa hali ya hatari ya 1952, ndipo Kiingereza kikawa amri na mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya mama akaadhibiwa na kuvishwa kibao shingoni. Kutaka Kiingereza na kuifukuza lugha ya nyumbani ni mambo mawili, na waliokitaka zaidi hawakuyachanganya.

Pingamizi zito zaidi linatoka Tanzania. Huko shule za msingi za umma zimefundisha kwa Kiswahili tangu 1967, na ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kufuata masomo kwa Kiingereza. Je, si ushahidi kwamba Kiswahili kinakula Kiingereza? Ushahidi huo nausoma kinyume. Mtanzania alivushwa ghafla kutoka lugha moja hadi nyingine mlangoni mwa sekondari, na msamiati aliokuwa nao kama somo haukuweza kubeba fizikia na historia. Daraja ndilo lililokosekana, na daraja hujengwa kwa kuziweka lugha mbili ukurasa mmoja. Paul Nation wa New Zealand, ambaye ametafiti ujifunzaji wa msamiati kwa miongo kadhaa, hutetea waziwazi matumizi ya lugha ya mwanafunzi katika kumpa maana ya neno jipya, huku muda mwingi wa somo ukiachiwa kusoma na kuzungumza Kiingereza chenyewe.

Inabaki hofu kwamba Kiswahili cha Tassia ni Sheng, hivyo hakifai kuwa kipimo. Sheng ilikulia mitaa hiihii ya Eastlands, na sarufi inayoibeba ni ya Kiswahili. Mtoto anayeisema hashindwi kuelewa «riba» wala «hamu» akielezwa, na anapozijua anapata pia Kiswahili sanifu ambacho kimetahiniwa kwa lazima tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985. Vifaa havikosekani: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1996, na nakala moja inatosha meza ya mwalimu. Akademi inayotaka kuanza muhula ujao inahitaji kupiga mstari mmoja zaidi wa rula, kuandika maana mbili pale neno linapokuwa na mbili, na kuacha kumwadhibu mtoto anayeuliza kwa Kiswahili neno hili linamaanisha nini.