Mita 384

Msimamizi wangu wa tasnifu aliniuliza swali dogo: Ifakara ni mbali kiasi gani kutoka Dar es Salaam? Nikaingia mtandaoni, nikapima kiwanja hadi kiwanja. Mstari ulionyooka ni kama kilomita 310, na ndege ndogo huzimaliza kwa takriban saa moja. Nilicheka peke yangu maktabani. Mimi nimekulia Lupiro, ng'ambo ya Mto Kilombero, na sijawahi kukutana na mtu wa kwetu aliyepanda ndege hiyo.

Umbali wa bonde letu haukuwahi kupimwa kwa rula. Maji yanayopita Ifakara hukutana na Luwegu, yakawa Rufiji, yakaingia Bahari ya Hindi. Ungedhani mtumbwi ungefika pwani, lakini maporomoko ya Shuguli yanaufunga mlango. Agosti 30, 1905 wapiganaji wa Majimaji walipoishambulia boma ya Wajerumani kule Mahenge, msaada kutoka Iringa ulichukua wiki tatu hivi kufika. Ni majirani tu hao, kwenye ramani.

Reli ilikuja kwa vipande. Mwaka 1965 njia kutoka Mikumi ilifika Kidatu, ikaishia hapo. Kisha TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba kati ya 1970 na 1975, ikapita Ifakara yenyewe. Vitabu husimulia reli hiyo kwa habari za shaba ya Zambia na siasa za ukombozi. Ni sawa, ila wazee wa kwetu huisimulia kwa magunia ya mchele.

Lakini reli haikuvuka kuja kwetu Ulanga. Sisi tulibaki na kivuko.

Masika moja, nikiwa darasa la nne, babu aliumwa na nyoka shambani. Hospitali ilikuwa Ifakara. Tukapata gari la mizigo, tukafika ukingoni saa 3 usiku. Kivuko kilikuwa kimelala upande wa pili, na mto umejaa. Taa za ng'ambo zilionekana vizuri kabisa. Baba alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Tulivuka saa 12 asubuhi. Saa tisa nzima. Babu alifia ndani ya kivuko, kichwa chake kikiwa mapajani mwa bibi, kabla hatujagusa upande wa Ifakara.

Januari 2016 kivuko kilizama hapohapo, kikiwa na watu na magari. Daraja lilikuwa tayari linajengwa. Lilizinduliwa na Rais Magufuli Mei 2018, na urefu wake ni mita 384. Namba hiyo nimeiandika kwenye sura ya tatu ya tasnifu, chini ya kilomita 310 za ndege, bila maelezo yoyote. Msimamizi ameiwekea alama ya kuuliza.

Likizo iliyopita nilivuka kwa bodaboda. Nilihesabu kimoyomoyo, sikufika hamsini.

Bibi alishangaa kuniona mapema. Nikamwambia, siku hizi ni daraja, bibi.

"Lilifunguliwa mwaka gani vile?"

"2018."

Akanyamaza, akavuta ungo, akaendelea kupepeta mchele.