Kamera, Fanani na Hadhira: Kutoka Newala 1906 hadi Pwani ya Ruvuma

Tukiulizwa darasani historia ya filamu nchini, wengi tunaanza na Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliyoundwa mwaka 1968, kisha tunaruka mpaka kwenye filamu za Bongo, basi. Sisi tunaotoka kusini tunabaki kuangaliana, utadhani kwetu hakukuwa na kitu. Kumbe kwetu kamera ya sinema iliingia mapema mno. Ilifika mwaka 1906, na aliyekuja nayo alikuwa mtu wa makumbusho.

Jina lake Karl Weule, Mjerumani wa Makumbusho ya Leipzig. Alishuka Lindi wakati vita vya Maji Maji (1905–1907) havijapoa. Vijiji vingine vilikuwa vimechomwa na njaa ilikuwa inabisha hodi. Kati ya Julai na mwisho wa mwaka alipita Masasi na Chingulungulu, akaukaribia Mto Ruvuma, akapanda Newala hadi Mahuta kwenye uwanda wa Wamakonde. Katika mizigo ya wapagazi wake kulikuwa na kamera ya picha mnato, mashine ya sinema na fonografu. Alipiga picha za ngoma, unyago ukiwamo, akanasa nyimbo kwenye silinda za nta, akanunua vinyago na vyombo vya nyumbani. Vyote vikapandishwa meli. Mwaka 1908 akatoa kitabu, na mwaka 1909 Alice Werner akakitafsiri kwa Kiingereza. Tafsiri hiyo ndiyo niliyoisoma mimi.

Hapa wahakiki wenzangu naomba tusikimbilie kumtukana Weule tu. Matusi ni rahisi. Tuitazame kazi yake kwa macho ya fani yetu. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya Mulika mwaka 1989, alisisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio: pana fanani, pana hadhira, pana mahali na wakati wake. Sasa chukua pembe ya fonografu. Inanasa sauti ya aliye karibu nayo, kwa dakika chache tu, halafu nta imekwisha. Wanaoitikia kule nyuma, wanaopiga makofi, bibi anayemkatiza msimuliaji na kumwambia "hapo umeruka", wote wanafifia au hawamo kabisa. Ngano ya kwetu bila mwitikio ni nusu ngano. Kwa hiyo Weule alimchukua fanani akaiacha hadhira, halafu akampa fanani yule hadhira nyingine, watu wa Leipzig, ambao hawakujua waitikie nini. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko hata idadi ya vinyago alivyobeba.

Baadaye mkoloni Mwingereza aligeuza meza bila kubadili mchezo. Mradi wa sinema wa Notcutt na Latham, ulioendeshwa Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, ulitengeneza filamu 35 za kumfundisha Mwafrika afya, kilimo na kuweka akiba, zikazungushwa kwa lori Afrika Mashariki na Kati. Safari hii hadhira ilikuwapo, tena kubwa, lakini kazi yake ilikuwa kukaa chini na kufundishwa.

Mabadiliko yaliyonigusa zaidi yalitokea pwani yetu wenyewe katika miaka ya 1990. Mradi wa maendeleo wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland huko Lindi na Mtwara, uliingiza video katika kazi zake. Aliyehusika sana ni mtengeneza filamu Lars Johansson, pamoja na wenzake wa kikundi cha Maneno Mengi. Utaratibu wao ulikuwa rahisi kuusema, mgumu kuutenda. Watu wanarekodiwa wakieleza shida yao, kanda inarudi kijijini, inatazamwa, watu wanabishana, ubishi nao unarekodiwa, kisha inapelekwa kwa wakubwa. Umeona? Yule bibi wa "hapo umeruka" amerudishwa kwenye nafasi yake.

Kisa kikubwa kilikuwa uvuvi wa baruti. Miamba ya matumbawe ilikuwa inapasuliwa, na wavuvi wa nyavu na madema walikuwa wakilalamika kwamba wenye baruti hawaguswi. Mbele ya kamera malalamiko yale ya barazani yakawa ushahidi wenye sura na sauti. Mwaka 1997 na 1998 serikali ilitumia hata jeshi la majini, na baruti ikapungua sana. Sisemi video ndiyo iliyoleta manowari. Wavuvi walikuwa wamejipanga na walipiga kelele kwa njia nyingi. Wala ushindi haukudumu, kwani baruti ilirudi miaka ya 2000, wakati Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma (ilitangazwa mwaka 2000) ikiwapo tayari. Lakini kama simulizi, kazi ile ilikuwa na fanani na hadhira kwa pamoja.

Dk. Martin Mhando, aliyeongoza Yombayomba (1985) na kushirikiana na Ron Mulvihill katika Maangamizi (2001), alilipeleka jambo hili kwenye uteuzi wa filamu. Kwa miaka kadhaa aliliongoza Tamasha la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997. Tamasha hilo halikukaa Ngome Kongwe tu na wageni wa hotelini. Lilipeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, likawa na vipindi vya watoto na mafunzo kwa vijana. Nani achague filamu, na ionyeshwe wapi: huo nao ni uhakiki, hata kama hatufanyiwi mtihani juu yake.

Mtwara hatujapata kitu cha namna ile. Ghasia za bomba la gesi zilipozuka tarehe 22 Mei 2013, nchi ilituona kwa kamera za watu waliotoka nje. Leo kijana wa Msimbati ana simu yenye kamera nzuri kuliko mzigo wote wa Weule, ila hana wa kumwonyesha namna ya kuhariri, wala ukumbi wa kubishaniwa.

Pendekezo langu kwa idara ni dogo. Tuandike barua Ujerumani kuomba nakala za picha na sauti za 1906, tuzipeleke Newala na Mahuta, tuzionyeshe jioni uwanjani huku vijana wakirekodi maneno ya wazee. Ila zile za unyago zisianzie uwanjani. Zianzie kwa makungwi, mlango umefungwa, na sisi wenye vyeti tukae nje tukisubiri kuambiwa kama tunaruhusiwa kuziona.