Mwana wa Mpiga Ngoma: Nasaba, Malezi na Sheria katika Sanaa ya Burundi

Katika Kirundi, neno ingoma lina maana mbili: ala inayopigwa, na ufalme au utawala. Kwa sababu hiyo, mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya wapiga ngoma wa mwami hakurithi sifa ya wazazi wake peke yake, bali pia wadhifa na wajibu kwa dola. Makala hii inafuatilia mabadiliko ya urithi huo, kutoka makao ya ngoma za kifalme hadi Bujumbura ya leo, na kuonyesha kwamba swali la nani mrithi halali wa sanaa lingali linajibiwa na dola.

Zama za ufalme, ngoma takatifu zilikabidhiwa koo maalumu. Huko Gishora, karibu na Gitega, ukoo wa Abanyigisaka ulizilinda Ruciteme na Murimirwa. Mtoto wa ukoo alijifunza kwa kutazama na kushiriki: inkiranya, ngoma ya katikati, huongoza, amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, ibishikizo huifuata inkiranya. Istilahi hizo ndizo zilizokuwa mtaala wake.

Ufalme ulifutwa tarehe 28 Novemba 1966, na wadhifa ukatoweka pamoja nao. Umaarufu, kinyume chake, ulikua. Sauti zilizorekodiwa Burundi mwaka 1967 zilitolewa na Ocora ya Ufaransa, na mwaka 1975 Joni Mitchell akazitumia katika wimbo wake mmoja. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walishiriki tamasha la kwanza la WOMAD nchini Uingereza. Hata hivyo, wasikilizaji wengi wa ng'ambo walilijua jina la nchi, si majina ya wapigaji. Watoto wao walirithi sifa isiyo na jina la mzazi.

Wakati huohuo, ngoma ilizoeleka katika harusi na sherehe za Bujumbura, mbali na makao yake ya kale. UNESCO ilipoiorodhesha mwaka 2014, ilitambua kwamba wapigaji wengi ni wazao wa walinzi wa makao hayo, lakini pia kwamba ujuzi hupitishwa kwa vitendo na kwa elimu rasmi. Methali mbili za Kiswahili zinakabiliana hapa: mtoto wa nyoka ni nyoka, na mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Historia ya karibuni ilielekea kuipa nguvu ile ya pili.

Amri ya rais ya Oktoba 2017 ilibadili mwelekeo huo. Ilipiga marufuku wanawake kupiga ngoma, ikavitaka vikundi vijisajili wizarani, na ikaweka ada ya faranga 500,000 kwa maonyesho nje ya hafla rasmi. Anayebanwa zaidi ni binti wa mpiga ngoma. Nasaba anayo, na malezi anayo, kwa kuwa amekua akiisikia inkiranya nyumbani. Anachonyimwa ni kushika mirisho.

Ulinganisho na majirani unasaidia. Nchini Rwanda, kikundi cha wanawake cha Ingoma Nshya kinapiga ngoma tangu mwaka 2004. Zanzibar, Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu ya taarabu mwaka 2020 akiendeleza kazi ya bibi huyo. Katika mifano yote miwili, kuwapa wanawake nafasi kumeongeza idadi ya mikono inayoibeba sanaa.

Kwa washauri wa sera, funzo ni kwamba kulinda sanaa na kulinda mipaka ya warithi wake ni mambo mawili tofauti. Sera ya utamaduni ingeanza na kazi isiyohitaji kibali cha nasaba wala jinsia: kukusanya istilahi za wapigaji wazee, kuandika majina yao, na kuzifundisha shuleni. Istilahi zikipotea, hata mtoto wa ukoo atabaki na jina tupu.