Wachoraji wa Oysterbay na jina la Tingatinga

Msikilizaji, katika Ulaya ya karne ya 19 wachoraji walizoea kuihama miji na kwenda kukaa kando ya bahari. Wale wa Brussels waliomfuata Alfred Verwée walikwenda Knokke, katika pwani ya Ubelgiji. Walitafuta mwanga, hewa safi, na kwa Verwée mwenyewe, ng'ombe wa kuchora.

Kundi la Oysterbay, jijini Dar es Salaam, lilizaliwa kwa namna nyingine kabisa. Watu wake walikuja pwani kutafuta kibarua.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini, alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya mbao nyembamba za kujengea dari na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Alianza na rangi moja nyuma ya picha, akaiacha ikauke, kisha akachora juu yake chui, tembo au ndege. Michoro hiyo iliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, walikopita wageni waliokaa Oysterbay.

Biashara ilipochangamka aliwaita jamaa zake, miongoni mwao January Linda, Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia na Omari Amonde. Walijifunza kwa kumwigiza mwalimu, na kuigiza huko hakukuwa aibu: picha iliyopata mnunuzi ilichorwa tena.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mwizi, akafariki dunia. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Hapo ndipo ilipokuwa hatari ya kundi kutawanyika. Lakini wanafunzi walibaki palepale, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake. Jina hilo, ambalo kwa Kiswahili pia ni la trekta, likageuka kuwa la mtindo mzima. Leo huuzwa Zanzibar na Nairobi, mara nyingi na watu ambao hawajawahi kufika Oysterbay. Wachoraji wa ushirika hulalamikia jambo hilo, ingawa si rahisi kumzuia mtu kuiga sanaa iliyokua kwa kuigwa.