Bandama, Kiungo Kilichosingiziwa

Katika Kiswahili, viungo vingi vya ndani vina kazi ya pili. Moyo hupenda na kuvunjika. Maini hukatika mtu akikusema vibaya. Mambo yakiharibika tunasema yametumbukia nyongo. Bandama je? Hiyo, ambayo wengine huiita wengu, tunaikuta buchani kando ya ini, tunaitupa kwenye supu, basi. Hatuilaumu kwa lolote.

Kwingineko imelaumiwa kwa karne nyingi. Na kuna mahali lawama hiyo ilitoka vitabuni ikaingia mahakamani. Ndiyo habari ninayotaka tuisome leo.

Tuanze na Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma. Yeye, akifuata waliomtangulia, aliamini kwamba afya ni uwiano wa vimiminika vinne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Bandama ilikuwa jalala la hii ya mwisho. Iliivuta kutoka kwenye ini na kuisafisha. Ikizidiwa, uchafu ulisambaa mwilini na mtu akajawa na huzuni isiyo na sababu. Neno la Kigiriki la huzuni hiyo, melankolia, maana yake ni nyongo nyeusi tu. Ibn Sina naye, katika Al-Qanun yake ya karne ya 11, aliyaendeleza mafundisho hayo, na vyuo vya Ulaya vikayasoma kupitia kwake.

Hebu fikiria: nyongo nyeusi yenyewe haipo. Hakuna mpasuaji aliyewahi kuikuta bandamani. Lakini neno lilishashika. Kwa Kiingereza, jina la kiungo hiki, spleen, likawa pia jina la unyonge wa moyo na hasira za ghafla. Anne Finch aliuandikia ugonjwa huo shairi zima mwaka 1701. Baudelaire akalichukua neno hilohilo la Kiingereza, akaliweka katikati ya Kifaransa chake, na katika diwani yake ya 1857 mashairi manne yana jina hilo moja: Spleen. Wasomaji wa fasihi tunaijua bandama hiyo, ya mtu aliyekaa dirishani Paris akichoshwa na mvua.

Sasa twende Agra, India, iliyokuwa chini ya Waingereza. Huko bandama haikuwa sitiari.

Jumapili moja, wakili Mwingereza aitwaye Fuller alikuwa anataka kwenda kanisani na familia yake. Saisi wake, Katwaroo, hakuwa tayari na gari la farasi. Fuller akampiga. Katwaroo alianguka, akajikokota hadi uwanja wa jirani, akafa. Daktari alipompasua alikuta bandama iliyovimba, imepasuka. Hakimu aliamua kwamba kosa lilikuwa kujeruhi tu, akamtoza Fuller faini ya rupia 30.

Rupia 30. Mwaka 1876 Lord Lytton, mtawala mkuu wa India, alitoa waraka akisema adhabu ile haikutosha hata kidogo. Magazeti ya Waingereza waliokuwa India yakamjia juu yeye, si Fuller. Na kesi ya namna hii haikuwa ya pekee. Mtumishi alipigwa teke au ngumi, akafa, kisha utetezi ukawa uleule: eti bandama yake ilikuwa mbovu tangu awali.

Kitabibu, hoja ile ilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana ilifaa sana. Bandama iliyovimba hupasuka kirahisi. Lakini angalia sentensi ilivyogeuzwa: aliyepiga ametoweka, kilichobaki ni kiungo kibovu cha marehemu. Mwili wa maskini umekuwa mshtakiwa.

Na ilivimba kwa nini? Malaria. Kwenye miaka ya 1840 daktari Dempster, akichunguza uhusiano wa mifereji ya umwagiliaji na homa kaskazini mwa India, alipapasa matumbo ya watu na kuhesabu waliovimba bandama. Njia hiyo ilidumu. Mkutano wa malaria wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Kampala mwaka 1950 uliyapanga maeneo kwa kipimo hichohicho: yasiyozidi watoto 10 kati ya 100 wenye bandama zilizovimba yakawekwa daraja la chini, na yanayozidi 75 daima yakawa ya juu kabisa. Yaani wakati wengi wetu tunadhani malaria husomwa kwenye damu pekee, ilisomwa kwanza kwa vidole, chini ya mbavu za kushoto za watoto.

Kinachovimba hapo ni kazi. Bandama ya mtu mzima ina gramu 150 hivi, na ndani yake mna vijipenyo vyembamba kuliko chembe nyekundu ya damu. Chembe changa hujipinda ikapita. Iliyozeeka, baada ya siku 120 hivi, au iliyobeba vijidudu vya malaria, hukakamaa, ikanaswa na kumezwa na seli walinzi. Hizo huichambua, hutoa madini ya chuma na kuyarudisha kwenye damu yaende kwenye uboho kuunda chembe mpya. Mwili unahitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku kwa kazi hiyo. Chakula huleta moja au mbili tu. Zilizobaki ni za zamani, zimeokolewa na bandama pamoja na ini.

Muda mrefu ilidhaniwa kwamba ukiikata hupotezi kitu. Mwaka 1952 huko Marekani, King na Shumacker waliripoti watoto wachanga watano waliopata maambukizi makali baada ya kutolewa bandama. Tangu hapo wapasuaji huihifadhi wakiweza, na asiye nayo hupewa chanjo za kumlinda.

Ukirudi kwa Baudelaire sasa, msome tu, mashairi ni mazuri. Ila mimi, kila nikiliona neno lile juu ya ukurasa, namkumbuka saisi wa Agra. Mahakama ilisema bandama yake ilikuwa na kasoro. Ilikuwa imekua kwa sababu ya kuchuja homa ya miaka mingi, ikiokoa chuma kidogokidogo, ili mwenyewe aweze kuamka Jumapili ile na kwenda kufunga farasi wa bwana wake.